Zodiac kwa mara ya pili: adui amesinyaa, jalada limenenepa

Katika Zodiac, filamu ya mwaka 2007 kuhusu muuaji wa kweli wa California aliyejiita hivyo katika barua zake kwa magazeti na hakupatikana, kuna kipande ambacho anayeitazama mara ya kwanza hukiona kama nafasi ya kwenda kuchukua maji ya kunywa. Inspekta Bill Armstrong wa polisi wa San Francisco yuko kwenye simu na wenzake wa Napa na Vallejo, anawaomba nakala za ushahidi walionao. Anataka wazilete kwa nukushi (faksi). Nukushi hatuna bado, anajibiwa. Basi zije kwa posta. Hakuna damu wala muziki wa kutisha, ni wanaume wa makamo wenye tai wanaongea na simu. Muuaji yuko mtaani, na jalada lake linasafiri kwa stempu.

Mara ya pili, kipande hicho ndicho filamu yenyewe.

Waliokulia kwenye vibanda vya video wana sheria zao: steringi hafi, na adui akionyeshwa mwanzoni lazima apatikane mwishoni, tena apigwe mpaka watu washangilie. Zodiac haina steringi wa aina hiyo. Ina watatu, na wote wanarudi mikono mitupu: mwandishi wa habari Paul Avery anaishia kwenye pombe, inspekta Dave Toschi anaishia kuchafuliwa jina, na mchora katuni Robert Graysmith anaishia na kitabu na nyumba isiyo na mke. Adui hata uso hatumwoni. Ilipotoka Marekani Machi 2007, filamu iliyogharimu dola milioni 65 ilikusanya huko takriban milioni 33 tu, na dunia nzima takriban milioni 85. Oscar haikuteuliwa hata kwa kipengele kimoja. Waliokwenda wakitarajia Se7en nyingine, ambayo mwongozaji huyohuyo David Fincher aliitoa mwaka 1995, walikuta dakika 157 za watu wanaosoma makaratasi.

Ladha imegeuka tangu hapo, na imegeuka pande mbili. Podikasti za uhalifu zilipovuma kuanzia mwaka 2014, watu walizoea kusikiliza saa kumi za kesi moja, pamoja na ripoti ya maabara na mabishano ya mawakili, bila kupiga miayo. Kwa sikio hilo Zodiac haiendi polepole tena. Upande wa pili, watu hao hao wamechoka kuona muuaji akigeuzwa nyota. Wanauliza waliouawa walikuwa nani, na kwa nini jina linalokumbukwa ni lile alilojipa muuaji mwenyewe. Anayeirudia filamu hii leo anakuja na maswali yote mawili mfukoni, na filamu inajibu moja vizuri, jingine kwa kigugumizi.

Kabla ya kubonyeza

Matoleo ni mawili. La kumbi za sinema lina dakika 157. La mwongozaji, lililotoka mwaka 2008, lina dakika 162. Dakika tano ni kidogo, ila kilichorudishwa si pambo. Kimojawapo ni kipande cha maofisa wa San Francisco waliokizunguka kipaza sauti cha simu ya mezani, wakimweleza mtu wa upande wa pili kwa nini wanastahili hati ya upekuzi dhidi ya mshukiwa wao, hoja moja baada ya nyingine. Kingine ni skrini nyeusi tupu. Picha inatoweka kabisa, zinabaki nyimbo na sauti za habari zikipishana, na miaka minne inapita masikioni. Asiyejua huamka kukagua waya wa runinga. Usiamke. Hapo ndipo filamu inapokatika vipande viwili: kabla ya giza kesi ni ya polisi, baada ya giza ni ya mchora katuni peke yake. Kama huna muda wa saa mbili na dakika 42 kwa mkupuo mmoja, pumzika hapo, usipumzike penginepo.

Pili, runinga yenyewe. Filamu hii ilipigwa kwa kiasi kikubwa na kamera ya dijitali ya Thomson Viper, na mpiga picha wake, marehemu Harris Savides, aliacha usiku uwe usiku kweli: manjano ya taa, kahawia ya ofisi, na weusi mwingi. Runinga za kisasa hutoka kiwandani zikiwa zimewashwa kitu cha kulainisha mwendo. Filamu ina picha 24 kwa sekunde, na runinga hubuni picha za kati ili kujaza nafasi. Matokeo yake kila kitu kinateleza kama tamthilia ya mchana. Ingia kwenye mipangilio ya picha, ukizime, au chagua hali ya sinema kama ipo. Kosa la pili ni kupandisha mwanga pale unaposhindwa kuona kilichomo gizani. Ukipandisha, weusi unageuka kijivu chenye chembechembe na bado hutaona kitu, kwa sababu hakikuwekwa kitu pale. Zima taa ya chumba badala yake.

Tatu, kalamu na karatasi. Ndiyo, kama mtoto wa shule. Chora safu nne, kwa sababu uchunguzi ulikuwa wa ofisi nne na hakuna hata moja iliyokuwa na kesi nzima. Vijana wawili waliopigwa risasi barabara ya Lake Herman tarehe 20 Desemba 1968 walikuwa wa ofisi ya sherifu wa Solano. Waliopigwa risasi Blue Rock Springs tarehe 4 Julai 1969, mmoja akafa na mwingine akapona, walikuwa wa polisi wa Vallejo. Wanafunzi wawili waliochomwa kisu ziwani Berryessa tarehe 27 Septemba walikuwa wa sherifu wa Napa. Dereva teksi Paul Stine, aliyeuawa tarehe 11 Oktoba kwenye kona ya mitaa ya Washington na Cherry, alikuwa wa San Francisco. Kila jina jipya la askari likitajwa, liweke kwenye safu yake. Wanaolalamika kwamba filamu ina watu wengi na majina yanawachanganya wanalalamikia, bila kujua, kitu kilichowachanganya polisi wenyewe.

Kisha, kando ya safu hizo, anza kuweka alama moja kati ya mbili kwa kila ushahidi unaotajwa: K kwa kilichotoka kwenye karatasi au maabara, M kwa kilichotoka mdomoni mwa mtu. Tutairudia hesabu hii.

Mauaji yanaisha mapema

Dereva teksi anauawa kabla filamu haijafika theluthi. Huyo ndiye wa mwisho kuuawa mbele ya macho yetu, na zaidi ya saa moja na nusu bado imebaki. Mtazamaji wa mara ya kwanza hukaa akingoja mwingine afe. Ni jambo baya la kukiri, lakini ndivyo filamu za namna hii zilivyotufundisha kukaa.

Fincher aliweka mpaka: kama hakuna manusura wala shahidi wa kusimulia, tukio halichezwi. Ndiyo maana wale vijana wa Lake Herman hatuwaoni wakiuawa, tunawasikia wakitajwa tu. Na kwa kuwa mashahidi walimweleza muuaji kwa namna tofauti, aliyemwigiza si mtu mmoja. Waigizaji wanabadilishwa kutoka shambulio moja hadi jingine, umbo linabadilika nao. Simamisha picha ulinganishe mabega. Mara ya kwanza jicho linaunganisha watu hao kuwa mmoja bila kuulizwa, kama vile magazeti yalivyofanya.

Damu nayo ni ya kompyuta, ili pasiwe na kusafisha nguo na viti kila kipande kinaporudiwa, na kwa Fincher kurudia ni kurudia kweli. Pembe ya mtaa aliyouawa Stine haikuwa mtaa halisi. Ilijengwa upya kwa kitambaa cha buluu na michoro ya kompyuta. Ile picha ya juu ya teksi ya njano inayokata kona, na fremu inakata nayo kana kwamba gari limebandikwa katikati ya skrini, ni ya kompyuta pia. Ziwani Berryessa walipeleka miti kwa helikopta ili ufuko ufanane na wa mwaka 1969. Gharama yote hiyo ni kwa ajili ya kitu ambacho mtazamaji hatakiwi kukiona.

Kipande cha ziwani ndicho kinachobadilika zaidi ukiwa umekua. Kwanza unaangalia kofia ya muuaji: nguo nyeusi yenye duara na msalaba mweupe kifuani, jua la alasiri, hakuna muziki. Ukirudi, unamwangalia kijana aliyelala chini. Anaongea. Anamzungumzisha mtu mwenye bastola kwa adabu, kama anavyozungumzishwa mlevi aliyeshika panga, akitafuta neno litakalomtuliza. Kamba zimekatwa kabla, ziko tayari mfukoni. Hilo peke yake linamwambia mtazamaji, kabla kijana hajajua, kwamba maongezi hayatasaidia. Halafu kinachosikika ni sauti ya msichana. Filamu haimwendei muuaji usoni wakati huo. Inabaki na wanaoumia. Hapa lile swali la waliouawa walikuwa nani linajibiwa kwa heshima.

Kwa Stine kuna kosa ambalo mwaka 2007 lilipita kama maelezo ya kiofisi. Vijana waliochungulia dirishani kuvuka barabara walimwona mtu mweupe. Taarifa iliyotoka redioni kwa askari wa doria ilisema mtu mweusi. Doria ikapita karibu na mzungu aliyekuwa akitembea zake, haikumkamata, kwa sababu hakuwa anayetafutwa. Kosa la neno moja, dakika chache tangu risasi ilie. Mtu akiirudia leo, baada ya yote yaliyosemwa kuhusu polisi wa Marekani na rangi, hawezi kulipita hivyo.

Saa mkononi, buti mguuni

Moyo wa filamu ni mahojiano ya mwaka 1971 kwenye kiwanda cha kusafisha mafuta. Arthur Leigh Allen, mkazi wa Vallejo, anaitwa kutoka kazini, anakaa kwenye kiti, mbele yake wapelelezi watatu. John Carroll Lynch anamwigiza bila kupandisha sauti. Anajibu maswali ambayo hakuulizwa. Anataja visu vyenye damu vilivyokuwa garini mwake siku ile ya Berryessa, anasema alichinja kuku. Anavuka miguu, kamera inashuka kwenye buti. Anageuza mkono, wapelelezi wanaona saa: chapa yake ni Zodiac, na alama ya duara na msalaba ni ile ile iliyo kwenye barua.

Mara ya kwanza kifua kinabana, mtu unasema huyu ndiye. Mara ya pili angalia wapelelezi wanavyotazamana. Wanatazamana kama watu waliokwishaamua. Kuanzia hapo kila kitu kinachopatikana kinapimwa kwa kuuliza kinamfaa Allen au hakimfai. Hakuna anayeuliza kingemfaa mwanamume gani mwingine wa Vallejo mwenye saa ya dukani na buti za kazi.

Sasa rudi kwenye karatasi yako ya K na M. Upande wa K: alama za vidole hazikulingana na za Allen. Mwandiko haukulingana, hata alipoandikishwa kwa mkono wa kulia na wa kushoto. Vinasaba (DNA) visivyo kamili vilivyopatikana mwaka 2002 kutoka bahasha ya zamani havikulingana naye, na filamu inakiri hivyo kwa maandishi ya mwisho, ikiongeza kwamba wapelelezi hawakukubali kumtoa kwa kipimo hicho. Upande wa M: rafiki wa zamani aliyekuja na habari zake karibu miaka miwili baada ya mauaji ya mwisho. Mwanamke aliyemkumbuka mtu kwenye sherehe ya kupaka rangi nyumba. Manusura aliyeonyeshwa picha miaka 22 baadaye. Vitu kama saa na buti vinakaa katikati.

Karibu kila kilichomwelekea Allen kilitoka mdomoni. Karibu kila kilichomwepuka kilitoka kwenye karatasi. Filamu haifichi hili. Inalitandaza mezani dakika baada ya dakika, halafu inamruhusu Graysmith, ndani ya mgahawa, alipange mbele ya Toschi kwa msisimko mkubwa mpaka wewe unayetazama unasahau ulichokiona saa moja iliyopita. Toschi hasahau. Anampoza kwa kumtania kama askari wa sinema, na kama ulikuwa macho utakumbuka kwamba mapema huyu huyu Toschi alishindwa kukaa ukumbini hadi mwisho wa filamu iliyotengenezwa kutokana na kesi yake, ambamo askari anammaliza muuaji kwa bastola na mambo yanakwisha.

Graysmith halisi hakuwa katikati ya kesi mwaka 1969 kama filamu inavyomweka. Alikuwa mchora katuni wa San Francisco Chronicle aliyekuja kuivaa kesi kwa nguvu baadaye, akaandika vitabu, na filamu imejengwa juu ya vitabu hivyo. Hilo linaeleza kwa nini mizani inalalia Allen. Fincher na wenzake walitumia takriban mwaka mmoja na nusu kuhoji watu upya na kusoma majalada, na huenda ndiyo sababu filamu ina akili kuliko kitabu chake: inajua namna mtu anavyoshawishika, hata pale yenyewe inaposhawishika.

Mafumbo, na lile lililofumbuliwa kwa kuchelewa

Mwisho wa Julai 1969 muuaji aligawa fumbo moja vipande vitatu, kila kimoja alama 136, akavituma kwa magazeti matatu akitaka yachapwe ukurasa wa mbele. Chronicle ilikichapisha kipande chake ukurasa wa 4. Jumla alama 408. Polisi na majasusi waliumiza vichwa. Waliolifumbua ndani ya wiki moja hivi ni mwalimu wa sekondari wa Salinas, Donald Harden, na mkewe Bettye. Filamu inawapa sekunde chache tu, na inafaa kurudisha nyuma uwaone.

Ugumu wa fumbo lile ulikuwa hivi. Kwenye fumbo la kitoto kila herufi ina alama moja, kwa hiyo unahesabu alama inayojirudia zaidi, na kwa Kiingereza hiyo itakuwa E. (Kwa Kiswahili ungeanza na A.) Muuaji alijua hilo, akaipa E alama saba tofauti ili isijitokeze. Bettye Harden aliacha kuhesabu, akamfikiria mtu. Mtu mwenye majivuno kiasi hiki, alikisia, ataanza kwa kujitaja mwenyewe, na lazima ataandika neno la kuua. Neno hilo kwa Kiingereza lina L mbili zinazofuatana, basi ukaanza msako wa alama zinazokaa mbili mbili. Likaachia. Alama 18 za mwisho hazikutoa maana yoyote hadi leo.

Fumbo la pili, la alama 340, lilitumwa tarehe 8 Novemba 1969. Ndani ya filamu linabaki kama ukuta. Watazamaji wa 2007 waliondoka likiwa ukuta. Desemba 2020 watu watatu, David Oranchak wa Marekani, Sam Blake wa Australia na Jarl Van Eycke wa Ubelgiji, walilivunja, na FBI ikathibitisha. Siri haikuwa kwenye alama peke yake, ilikuwa kwenye njia ya kuzisoma. Fumbo lina mistari 20 ya alama 17. Ukiligawa mistari 9, kisha 9, kisha 2, na ndani ya mafungu mawili ya kwanza ukasoma kwa mshazari, unashuka mstari mmoja na kusogea nafasi mbili kulia, ndipo maneno yanaanza kujitokeza. Mwandishi alikosea mahali fulani katikati, na kosa lake likawaongezea wafumbuzi kazi. Programu ya kompyuta ilijaribu mamia ya maelfu ya njia za kusoma kabla ya kuipata hiyo.

Ujumbe wenyewe hauna jina lake. Una majigambo, na una sentensi moja inayobadilisha kipande kizima cha filamu: yule aliyepiga simu kwenye kipindi cha televisheni hakuwa mimi. Kipindi hicho ni cha asubuhi ya tarehe 22 Oktoba 1969, ambapo wakili maarufu Melvin Belli alikaa studio akingoja simu ya muuaji. Mtu akapiga, akakata, akapiga tena, akilalamika kichwa kinamuuma na kwamba anaogopa chumba cha gesi. Filamu inakicheza kwa uzito wote, Brian Cox akiwa Belli, mkubwa wa mwili na wa maneno. Polisi walikuja kujua kwamba sauti ilikuwa ya mgonjwa wa hospitali ya akili. Lakini kukitazama sasa ukijua kwamba siku 17 tu baadaye muuaji mwenyewe aliandika kwamba si yeye, na kwamba maneno hayo yalikaa miaka 51 mbele ya macho ya kila mtu yakiwa yamefungwa kwa mshazari, ni kichekesho kichungu. Kipande kilichokuwa cha kutisha kimekuwa cha watu wengi waliojipanga kumsikiliza mtu asiye sahihi.

Chumba cha chini

Kuna mtu atauliza kama hofu imebaki. Imebaki, na kali zaidi iko mahali ambapo hakuna hatari yoyote.

Graysmith anamfuata Bob Vaughn, mzee wa jumba la sinema, nyumbani kwake usiku wa mvua. Ana mshukiwa mwingine kichwani, na ushahidi wake ni mwandiko wa mabango ya filamu. Vaughn anamwambia kwa upole kwamba mabango yale aliyaandika yeye mwenyewe. Kisha anamkaribisha chumba cha chini kuangalia kumbukumbu. Nyumba za California mara nyingi hazina chumba cha chini. Graysmith analisema, mzee anajibu kwamba yeye anacho. Taa moja. Hatua juu ya dari.

Vaughn hana kosa. Uchunguzi hauongezeki hata unyoya kutokana na ziara ile. Wakosoaji wengine wamekiita kipande hiki ulaghai, kwamba kinaazima hofu ya filamu za vizuka bila kulipa deni. Mimi nakiona ndicho kinacholipa zaidi. Kinaonyesha kichwa cha Graysmith kimefika wapi: mtu aliyeanza na kalamu za rangi mezani sasa anaogopa mzee anayetafuta daftari. Ukitaka kupima, linganisha na kile cha watoto wake kwenye meza ya kifungua kinywa wakimsaidia kupanga makaratasi ya mauaji, na baba akiwaomba wasimwambie mama.

Ukishaanza kuangalia vitu vidogo vya mezani, vinaongea. Kile kinywaji cha buluu ambacho Avery anakicheka Graysmith anapokiagiza, halafu bilauri mbili za buluu mezani, zimekwisha. Biskuti za umbo la wanyama za Toschi. Jengo la Transamerica, pembetatu ndefu ya ghorofa 48, linalopanda mbele yetu kwa sekunde chache za picha iliyoharakishwa: jiji limemaliza kujenga mnara, polisi hawajamaliza jalada.

Jibu likipatikana

Korea Kusini wana filamu inayotajwa daima pamoja na hii, Memories of Murder ya Bong Joon-ho, ya mwaka 2003, kuhusu mauaji ya Hwaseong ya 1986 hadi 1991. Nayo iliisha bila jibu, mpelelezi akitazama moja kwa moja kwenye kamera kana kwamba anamtafuta muuaji kati ya watazamaji. Mwaka 2019 vinasaba vilimtaja mtu: alikuwa gerezani tangu miaka ya 1990 kwa mauaji mengine. Mwaka uliofuata, Desemba ile ile ya fumbo la 340, mahakama ilimsafisha mwanamume aliyekuwa amefungwa karibu miaka 20 kwa mojawapo ya mauaji yale, baada ya kukiri chini ya mateso ya polisi. Anayeirudia sasa hawezi tena kucheka vile vipande vya mwanzo ambavyo wapelelezi wanawapiga washukiwa mateke ya kurukia. Mwaka 2003 vilikuwa vichekesho.

Zodiac haijapata jibu la namna hiyo. Allen alikufa Agosti 1992 bila kushtakiwa kwa mauaji hayo. Jalada la San Francisco lilifungwa kwa muda mwaka 2004, likafunguliwa tena kabla filamu haijatoka. Waliothibitishwa kuuawa ni watano. Barua za muuaji zilijihesabia hadi 37, na hapo lile swali la jina linaikwaruza filamu, kwa maana hata bango lake linabeba jina alilojichagulia.

Kipande cha mwisho ni cha mwaka 1991, uwanja wa ndege wa Ontario, California. Manusura wa Blue Rock Springs, sasa mtu mzima aliyechoka, anawekewa karatasi ya picha za wanaume. Anamwonyesha Allen. Anaulizwa ana uhakika kiasi gani, kutoka moja hadi kumi. Anasema si chini ya nane. Mara ya kwanza mtu unapumua: kumbe alipatikana. Rudisha nyuma dakika moja tu, kabla mpelelezi hajakaa kwenye kiti. Anapopita kati ya abiria, kamera inapita naye mbele ya duka la vitabu, na kwenye rafu, nakala kwa nakala, kipo kitabu cha Graysmith.